Baki Utazame

Kifaru chako kikishaungua katika World of Tanks Blitz, mchezo haukufukuzi. Unaweza kurudi gereji ukachagua kifaru kingine na kuingia vita vipya papo hapo, huku wenzako wakiendelea kupigana kule ulikowaacha. Unaweza pia kubaki ukawatazama, mmoja baada ya mwingine, hadi vita viishe. Wengi wanaoanza huondoka. Mimi nilizuiwa na mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa nyumbani Kianjokoma kwa likizo ya Agosti. Alinishika mkono kabla kidole hakijafika kwenye kitufe. "Mjomba, usitoke," akasema. "Tazama huyu aliyebaki anafanya nini." Tangu siku ile agizo hilo limenishughulisha kuliko gemu yenyewe.

Kwa asiyeijua, gemu hii ni ya kampuni ya Wargaming, iliyoanzishwa Minsk, Belarus, mwaka 1998. World of Tanks ya kompyuta ilitoka mwaka 2010, na hii ya simu ikafuata mwaka 2014. Kwenye kompyuta hupambana watu 15 kwa 15. Kwenye simu ni saba kwa saba, na vita havizidi dakika saba. Kuipakua ni bure. Vifaru vimepangwa kwa ngazi kumi, na mgeni huanzia ngazi ya kwanza, kwa vifaru kama MS-1 ya Kisovieti ya miaka ya 1920, kifupi, cha polepole, chenye mzinga mdogo. Wengi unaokutana nao ni watu halisi walioshika simu zao mahali fulani duniani, na kila amri ya kidole chako husafiri kwa nyaya za chini ya bahari, kama zile zilizofika Mombasa mwaka 2009, hadi kwenye seva ya mbali na kurudi. Bando likiyumba, kifaru huganda katikati ya uwanja.

Kianjokoma iko ubavuni mwa Mlima Kenya, upande wa Embu, chai ikiwa juu karibu na msitu na kahawa ikiteremka bondeni. Julai na Agosti ukungu hukaa hadi saa nne za asubuhi, na kijana aliyemaliza kuchuma chai na kuipeleka kituoni hana pengi pa kwenda jioni. Dada yangu hapendi mwanawe atoke. Mwaka 2021, mwezi huohuo wa Agosti, ndugu wawili vijana wa hapa walikutwa wamekufa baada ya kukamatwa na polisi kwa kukiuka kafyu, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji. Nchi nzima ilizungumza habari hizo kwa muda, kisha ikaendelea na mengine. Sisi tunaopita soko la hapa kila siku hatujaendelea. Kwa hiyo mama akimwona mwanawe jikoni, mgongo ukutani, simu mkononi, hana haja ya kuuliza sana anacheza nini. Yuko ndani, na hilo linamtosha.

Somo la kwanza nililopewa lilikuwa la kusimama. Nilidhani kifaru huelekezwa uso kwa uso na adui, na bamba nene la mbele limalize kazi. Mpwa wangu alichukua nduma iliyochemshwa, akaikata wima, halafu akakata nyingine mshazari, akaniwekea vipande mkononi nilinganishe. Mkato wa mshazari ulikuwa mpana zaidi ingawa nduma zilikuwa za unene mmoja. Hesabu yake ni ya darasani: bamba la milimita 100 likiinama digrii 60, risasi inayokuja mbele moja kwa moja italazimika kupenya milimita 200 za chuma. Wasovieti waliitumia hesabu hiyo katika T-34, kifaru chenye bamba la mbele la milimita 45 tu, lakini lililolazwa kwa digrii hizo 60. Katika gemu, ukiukalisha mwili wa kifaru vizuri, risasi iliyokuwa ikuchome huteleza na kwenda zake. Kijana aliyekuwa akilalamika kwamba hesabu za pembe hazina kazi alizieleza jioni ile bila kusita, kwa nduma mbili.

Somo la pili lilikuwa la kuona. Adui hatokei kwenye kioo chako mpaka wewe au mwenzako mmoja amwone. Vifaru vyepesi vipo hasa kwa kazi hiyo: hutangulia, hujificha kichakani, huona, na waliobaki nyuma hupiga kwa macho ya yule aliyetangulia. Vita vikiisha, sehemu ya madhara waliyoyafanya wengine huhesabiwa kwa aliyewaonyesha. Nimefanya kazi maisha yangu yote mahali ambapo aliyeonyesha hakuandikwa popote, na nilifurahi kuona waliotunga gemu hii wameliona jambo hilo na kulipa thamani yake.

Lakini narudi kwa yule aliyebaki. Timu yetu ilikuwa imekwisha isipokuwa mtu mmoja mwenye kifaru cha wastani, na maadui walikuwa watatu. Nilitazamia kwamba atapiga risasi mfululizo hadi naye aungue. Hakupiga. Alijibanza nyuma ya mwamba, akatokeza mnara wa mzinga kidogo tu, akarudi nyuma. Adui wa kwanza akafyatua, risasi ikagonga mwamba. "Sasa hesabu, mjomba," mpwa wangu akasema. Mzinga mkubwa huchukua sekunde nyingi kujazwa upya, na katika sekunde hizo mwenye mzinga ule hana silaha. Yule mtu akatoka, akapiga mara mbili, akarudi nyuma ya mwamba kabla mzinga wa adui haujawa tayari. Akarudia. Adui wa pili alipokuja kumzunguka, yule mtu alikuwa ameshahamia upande mwingine, na ningeapa kwamba alikuwa akisikiliza. Wa tatu alimmaliza, kwa hiyo tulishindwa. Ila ndani ya dakika moja na nusu nilikuwa nimejifunza matumizi ya mwamba, ya subira, na ya sekunde za adui, mambo ambayo nisingeyaona kamwe nikiwa bado hai uwanjani, nikihangaika na mzinga wangu.

Mtu anayepigana huona mbele ya pua yake tu. Aliyeangushwa ndiye mwenye nafasi ya kuona uwanja mzima, na nafasi hiyo tunaitupa kwa haraka sana, kwa sababu kushindwa kunauma na vita vingine viko tayari.

Nimesoma habari za Lukaya mara kadhaa nikiwa na wazo hilo. Lukaya ni mji mdogo wa Uganda kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, na mbele yake barabara hupita katikati ya kinamasi, hivi kwamba kifaru kikiiacha kinazama. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, katika vita vya Tanzania na Uganda, Brigedi ya 201 ya jeshi la Tanzania ilishambuliwa hapo na askari wa Idi Amin pamoja na Walibya waliokuja na vifaru 15 vya T-55 na roketi za Katyusha. Wanajeshi wengi wa brigedi ile hawakuwa wamewahi kuonja vita vya namna hiyo. Walivunjika, wakakimbia. Walioushika mji hawakuwafuata. Kamanda wa divisheni, David Musuguri, mkongwe aliyewahi kuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, aliitazama hali hiyo na kuiamuru Brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka kinamasi kwa upande wa magharibi, igeuke usiku uleule na kuingia katika barabara ya Kampala, nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 Walibya walipigwa kutoka upande wasioutazama, huku Brigedi ya 201 iliyokwisha jipanga upya ikirudi kwa mbele. Mamia walikufa. Njia ya kwenda Kampala ikafunguka, na mwezi mmoja baadaye mji huo ukaanguka.

Kinachonivuta katika habari hiyo ni ule usiku wa katikati. Brigedi imevunjwa, giza limeingia, na bado kuna mtu anayesoma uwanja: adui yuko wapi, ameelekea wapi, ameacha wapi wazi. Ushindi wa alfajiri ulitokana na saa zile ambazo mtu mwingine angezitumia kulaumu waliokimbia.

Nami niliwahi kuangushwa. Kampuni niliyoifanyia kazi Nairobi ilipofungwa, nilirudi nyumbani na malipo kidogo mkononi, na kila niliyekutana naye alikuwa na ushauri wa biashara. Fungua duka la vifaa vya simu. Nunua pikipiki, umpe kijana aiendeshe. Fuga kuku. Sikufanya lolote kati ya hayo kwa muda mrefu, na jamaa wengine waliudhika. Nilikuwa nikikaa sokoni kwenye kibanda cha rafiki yangu mshonaji, nikitazama watu wanashuka kwenye matatu na nini na wanapanda na nini. Nikaona wakulima wakipita na pampu za kunyunyizia dawa mgongoni, nyingine zikivuja hadi shati limelowa. Niliwauliza mbona hawazitengenezi. Kilichoharibika mara nyingi kilikuwa washa ya mpira, kitu cha bei ndogo sana, lakini mtu alilazimika kwenda nacho Embu mjini, nauli ikazidi bei ya washa mara kadhaa. Leo nauza washa, mipira, vipuri vya pampu, na natengeneza pampu zenyewe. Ndicho kinachonilisha. Gemu ilikuja baadaye, nikalitambua humo jambo ambalo sokoni nililifanya bila kulipa jina.

Wenye gemu huuza vifaru, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kwa pesa unaweza kupata kifaru cha ngazi ya nane siku ya kwanza, ukazipita ngazi zote za chini. Mpwa wangu aliniomba nimtumie pesa kwa M-Pesa anunue kimoja. Nilimwambia twende kwanza tuwatazame walionunua. Tulikaa vita kadhaa tukifuatilia vifaru vya kununuliwa, na haikuwa vigumu kutambua mwenye kifaru asiyekijua: huenda mbele peke yake, huonyesha ubavu, huungua dakika ya kwanza, kisha hutoweka. Amewekwa kati ya watu waliocheza miaka, na chuma kile cha thamani hakimwambii asimame wapi. Wapo pia wazoefu walionunua na wanaokitumia vyema, na mpwa wangu hakukosa kunionyesha hao. Mwishowe alisema atasubiri. Naamini ngazi za chini zina heshima yake, maana hapo makosa ni rahisi na vita vinaenda polepole kiasi cha mtu kuona kilichomuua. Kumuuzia mgeni njia ya kuziruka ni kumnyima kitu alichokuwa amepewa bure.

Mama yangu, nyanya wa kijana huyu, hukaa nasi jikoni jioni, na siku moja aliuliza ndani ya vile vifaru kuna nani. "Hakuna mtu, shosho," mpwa wangu akajibu, "ni mchezo tu." Mama akasema vya kweli huwa na watu. Kisha akaanza kusimulia habari za Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, na za mtaro uliochimbwa kando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na vijiji. Watu walilazimishwa kuuchimba, wanawake wakiwemo, na ndani yake vikapandwa vijiti vilivyochongwa. Yeye alikuwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kumpelekea mama yake maji.

Kijana alikuwa na vita vinavyomsubiri kwenye simu, na niliona kidole chake kikielea juu ya kioo. Sasa ilikuwa zamu yangu kumshika mkono. Akabaki. Tumewaachia watoto wetu picha nyingi za vita na wasimulizi wachache mno wa vita, na wasimulizi hao wanazeeka. Sioni ubaya kijana wa Kianjokoma kupambana na Mturuki au Mpoland kwa dakika saba, wakamaliza bila yeyote kuumia. Naona ubaya akikua anajua unene wa bamba la T-34 na hajui mtaro ulipita wapi karibu na shamba la babu yake.

Likizo iliyobaki waligawana jioni: kwanza vita viwili au vitatu, halafu shosho. Aliuliza maswali mazuri, ya mtu aliyezoea kusoma uwanja. Mtaro ulikuwa na kina gani? Walinzi walisimama wapi? Waliokuwa msituni walivukaje? Swali lake la mwisho kabla ya kurudi shuleni lilikuwa nani aliyeamua mtaro upite pale, na mama alimjibu kwa majina ya watu na ya koo zao, mengine nikiyasikia mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza.