Treni Ikiingia Tsavo

Mara yangu ya kwanza kupanda treni ya SGR kutoka Nairobi kwenda Mombasa, nilisafiri na kazi isiyoweza kungoja. Seva ya mteja ilikuwa ikinakili hifadhidata nzima, na shughuli hiyo ilikuwa ya mchana kutwa. Mwenzangu wa zamu akauliza, "Na mtandao ukipotea Tsavo?"

Nilishajipanga kwa tmux, programu inayoyaweka madirisha ya terminali hai kwenye seva hata mtandao ukikatika, iliyoanzishwa na Nicholas Marriott mwaka 2007. Kabla yake watu walitegemea screen, iliyotoka Berlin mwaka 1987, na wako ambao hawajaiacha hadi leo. Siwalaumu.

Tulipoondoka Syokimau niliweka laptopu magotini, nikaingia kwenye seva kwa ssh, nikaandika tmux attach ili kurudi kwenye sesheni yangu, yaani madirisha niliyoyaacha yakifanya kazi. Mstari wa kijani ukatokea chini ya skrini, na madirisha yangu yote yako hai: la 0 linanakili, la 1 linaonyesha makosa yanayoripotiwa, la 2 ni la amri za hapa na pale. Kuhama, unabonyeza Ctrl na b, unaachia, kisha namba ya dirisha. Ukibonyeza alama ya asilimia badala ya namba, dirisha linagawanyika, upande wa kushoto na wa kulia. Vidole hugoma mwanzoni, halafu huzoea.

Tulipoipita Mtito Andei skrini ikaganda. Kwa terminali ya kawaida, mawasiliano yakishakatika Unix huzitumia programu ishara ya SIGHUP, na nyingi hufa papo hapo. Lakini tmux huishi kwenye seva yenyewe. Tmux ndiyo inayozishikia programu terminali zao, kwa hiyo hazijui kama mwenyewe nimeondoka.

Nikafunga laptopu, nikatazama nje: udongo mwekundu, na tembo wekundu kwa vumbi lake.

"Kazi imekwisha, mwanangu?" akauliza mama aliyekaa kando yangu.

"Bado, mama. Inaendelea."

"Na mashine umeifunga?"

"Nimeifunga."

Akacheka sana, wala hakuniamini.

Voi mtandao ulirudi. Nikaingia tena, nikakuta kunakili kumesonga mbele bila hitilafu.

Wewe unayekwenda safari na kazi ndefu, fungua tmux kwanza ndipo uanze kazi, kwa maana programu iliyoanzia nje haihamishiki ndani kirahisi. Na seva ikizimwa, sesheni zote hupotea. Kwa hilo tmux haina dawa.