Mawe ya Padri Le Paige

Juzi kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, fundi wa droni kwelikweli, aliniuliza Le Paige ni kampuni gani ya utalii. Nilikasirika, kisha nikakumbuka kwamba hata jengo la makumbusho yake pale San Pedro de Atacama limeshabomolewa.

Gustavo Le Paige alikuwa padri Mjesuiti wa Kibelgiji, mmisionari wa Kongo kabla hajahamia Chile. San Pedro alifika mwaka 1955. Misa ikiisha, anaingia jangwani kuokota mawe na kufukua makaburi. Mawe mengi aliyodai ni ya kale kupindukia yalikuja kuonekana ni taka za machimbo, vipande walivyotupa mafundi. Sawa, lakini nani mwingine alikuwa akitazama chini?

Alifariki 1980, mimi nilifika miaka ya tisini, maiti kavu za makaburini zikiwa bado kwenye kabati za vioo za makumbusho. Ziliondolewa 2007, na ilikuwa haki.

Kabla ya kupanda milimani kutafiti tulipita dukani kwa mama mmoja wa Kiatacama, doña wetu. Duka zima lilinukia rica-rica, kichaka cha milimani chenye harufu ya mnanaa. Majani ya koka aliyapima kwa ngumi, akayafunga kwenye gazeti. Akikuona midomo imebadilika rangi, hakuuzii kitu mpaka umalize kikombe cha chachacoma, chai ya mmea wa kutuliza ugonjwa wa mwinuko, nacho kichungu! Aliyejifanya shujaa alitapika njiani.

Huko juu tulitembea kwa mstari, tukitafuta mawe yaliyochongwa, tukifuata kingo za maziwa yaliyokauka. Wawindaji wa vikunya, wanyama wa jamii ya ngamia, walikuwapo yapata miaka 12,000 iliyopita. Pango la Tuina limethibitisha. Kibanzi cha basalti walichokiangusha utakikuta juu ya ardhi: upande wa juu umelainishwa na upepo, wa chini bado unakata kidole. Baadaye ukame ukazidi, na kwa maelfu ya miaka watu karibu hawaonekani. Mwanaakiolojia Lautaro Núñez na wenzake walikiita kipindi hicho ukimya wa kiakiolojia. Tulikibishania mpaka taa ya mafuta ikazima.

Kisha zikaja hoteli, lithiamu, pikipiki za magurudumu manne. Tairi likipita juu ya kibanzi linakipasua, na mpasuko huo mpya unafanana mno na kazi ya mkono. Wapo wanaouhesabu hivyo.