Kitulizo si Nusukaputi

Bibi mmoja wa Kiptere, ambaye wajukuu wake humwita kogo kwa Kikipsigis, alichuma majani chai kwa miaka mingi hadi macho yake yaliposhindwa kutambua majani mawili na chipukizi. Daktari alimweleza kwamba ana mtoto wa jicho, na kwamba tiba yake ni upasuaji. Kogo hakuogopa upofu, aliogopa kisu. Alitoa sharti moja: apewe dawa ya usingizi, asione wala asisikie lolote mpaka shughuli iishe.

Sharti hilo lilikuwa na utata wa lugha ndani yake. Katika mazungumzo ya kila siku, “dawa ya usingizi” hubebeshwa maana tatu. Kwanza ni nusukaputi, ambayo humpotezea mgonjwa fahamu. Pili ni ganzi, ambayo huua maumivu mahali pamoja tu. Ndiyo itumikayo kwa wingi katika upasuaji wa mtoto wa jicho, ama kwa matone ama kwa sindano kando ya jicho. Tatu ni kitulizo, yaani kidonge kipunguzacho hofu huku mgonjwa akibaki na fahamu zake.

Kitulizo kijulikanacho zaidi ni diazepamu, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1963 kwa jina la Valium. Wa ukoo huo ni lorazepamu na midazolamu. Aidha, huko Marekani hutengenezwa tembe ya kuyeyushwa chini ya ulimi, yenye midazolamu, ketamini na ondansetroni. Mgonjwa aliyepewa kitulizo husinzia, lakini akiambiwa asitikisike husikia na kutii. Aliyezamishwa usingizini mno huweza kuzinduka ghafla na kugeuza kichwa ilhali chombo kimo jichoni. Isitoshe, dawa hizi huweza kudhoofisha pumzi ya mzee, kumvuruga akili na kumwangusha. Kwa hiyo kipimo chake hupunguzwa, pumzi yake huangaliwa, pombe hukatazwa, na harudi nyumbani peke yake.

Muuguzi alimweleza hayo kwa Kikipsigis: “Kogo, hutalala, utatulia. Utaona mwanga na utasikia sauti zetu, ila hutasikia maumivu. Ukitaka kukohoa, tuambie kwanza.” Kogo akauliza ni nani atakayemshika mkono. Muuguzi akajibu kuwa ni yeye. Ndipo kogo alipokubali kumeza kidonge.

Hapana shaka kidonge kilimsaidia. Hata hivyo, maelezo yalikwisha kumtuliza kabla yake. Mtu aliyeahidiwa usingizi, kisha akaona mwanga juu ya jicho lake, hudhani dawa imeshindwa, na hofu humrudia maradufu. Wataalamu wa Kiswahili hujadili istilahi katika makongamano na kuzihifadhi kamusini. Ingefaa pia waketi na wauguzi, wazipime istilahi hizo kwa masikio ya wagonjwa, kwa maana asiyetofautisha nusukaputi, ganzi na kitulizo huweza kukataa tiba ambayo ingemrudishia nuru ya macho.