Mpaka

Neno "mpaka" lina kazi mbili katika Kiswahili. Ni mstari unaotenganisha kiwanja na kiwanja, na pia ni "hadi", kama tunaposema: nilisubiri mpaka jioni. Mwalimu alipotueleza hayo darasani, nilikumbuka nyumbani kwetu Bilpam, ambako maana hizo mbili zilikutana.

Bilpam ni eneo la Juba linalojulikana kwa makao makuu ya jeshi. Jina lake limetoka Ethiopia, kwenye kambi ya SPLA ya miaka ya 1980. Sisi tulihamia hapo tukitokea Kakuma, Kenya, nilikojifunza Kiswahili. Mama alijenga nyumba ya udongo yenye vyumba viwili akaizungushia ua wa mianzi.

Mwaka mmodi, kabla ya mvua kuanza, jirani yetu wa upande wa juu alileta greda. Lilikata vichaka, likang'oa mwarobaini, likasawazisha kiwanja chake na kusukuma kifusi mpaka kwenye ua wetu. Jiwe la mpaka likafukiwa. Mvua ya kwanza ya Aprili ilipokuja, maji mekundu yaliingia ndani usiku. Vitabu vyangu vyote vya Kakuma vililowa.

Asubuhi Mama alimwendea. "Mzee, maji yako yamelala kwangu."

"Mama, mvua ni ya Mungu."

"Mvua ni ya Mungu, lakini mteremko umeutengeneza wewe."

Mzee hakujibu. Tulikwenda ofisi moja ya ardhi. Tukaambiwa turudi kesho, na kesho ikawa mwezi. Nikaamua kuitafuta sheria mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Sudan Kusini ya mwaka 2009 inagawa ardhi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi, na inatambua haki za kimila. Nikasoma pia kwamba Tanzania, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nilifurahi kwa ajili ya mito. Lakini nyumba yetu haikuwa mto, na mvua haikungoja nimalize kusoma.

Mwishowe Mama aliwaita wazee wa mtaa. Walikuja na futi kamba, wakapima kutoka jiwe la kiwanja cha tatu ambalo halikuguswa, kisha wakasema: chimbeni hapa. Nilichimba mimi pamoja na kijana wa Mzee. Jiwe lilionekana, na wote tukanyamaza. Lilikuwa upande wetu wa ua! Ua wa Mama ulikuwa umeingia katika kiwanja cha jirani kwa karibu nusu mita, tangu siku tulipoujenga.

Niliona aibu. Nilikuwa nimejiandaa kutoa hoja za kifungu na aya, kumbe sisi tulianza kuvuka mpaka kabla ya greda. Mama hakutafuta maneno. "Ua utarudi," alisema, "na kifusi kirudi." Mzee akakubali. Wazee wakaamua achimbe mfereji upande wake, upeleke maji barabarani, na udongo wowote ukae mbali na mstari kwa hatua mbili. Hakuna aliyeandika. Walioshuhudia walikuwa wengi, na hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yetu.

Tangu siku hiyo nadhani kanuni ya kusafisha ardhi ingeanza na jambo dogo: kabla ya mashine kuwashwa, majirani wasimame pamoja kwenye jiwe, walitazame, na waulizane maji yatapita wapi. Gharama yake ni asubuhi moja. Sisi tulisubiri mpaka nyumba ikaingia maji, ndipo tukaujua mpaka.