Alipiga au Alipuliza?

Januari 2018, Hugh Masekela alipofariki mjini Johannesburg, niliketi kumtungia tanzia. Nilikusudia beti saba za tarbia, mizani nane kwa nane. Sikuvuka ubeti wa pili, na kisa chenyewe ni kitenzi kimoja.

Majina ya vyombo vya kupuliza tunayo tele. Tuna baragumu, tuna parapanda, tuna siwa, kama ile ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu. Lakini parapanda ikitajwa tu, msikilizaji huona kiyama. Siwa humpeleka barazani kwa mtawala. Likabaki tarumbeta, tulilolipokea kwa Wareno, jina lisilo makuu. Taabu ikaja kwenye tendo. Sisi hupiga tarumbeta kama tupigavyo ngoma, zeze, na siku hizi simu. Niliandika “alipiga”, nikaona nusu ya mtu imetoweka, kwani chombo kile hakilii ila kwa pumzi.

Na pumzi ile ilikuwa na nasaba. Masekela alizaliwa mwaka 1939 Witbank, mji wa makaa ya mawe, ambako bibi yake aliwauzia pombe wachimbaji. Alipokuwa mwanafunzi wa St Peter's, Johannesburg, padri Trevor Huddleston ndiye aliyempatia tarumbeta yake ya kwanza, na mzee mmoja wa bendi ya manispaa akamfundisha misingi yake. Huddleston alipoondolewa nchini humo na shirika lake, alikutana na Louis Armstrong, akamsimulia habari za vijana wale. Armstrong akawapelekea tarumbeta yake mwenyewe.

Huyo Huddleston ni yule yule aliyekuwa Askofu wa Masasi, 1960 hadi 1968. Nimelelewa katika dayosisi ile. Jina lake nimelisikia tangu utotoni, likitajwa na wazee kwa heshima, wala hakuna aliyenitajia tarumbeta. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba askofu wetu na padri wa Masekela ni mmoja. Mwaka 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, mwanafunzi aliihama Afrika. Mwaka huo huo mwalimu akarejea barani, akashukia kwetu.

Sifa za Masekela jukwaani zinajulikana. Mwaka 1968 “Grazing in the Grass” ilishika nafasi ya kwanza Marekani, na hapo sina la kuongeza. Mimi hunivuta zaidi zile kazi alizozifanya ili wengine wasikike. Pamoja na Stewart Levine alianzisha lebo ya Chisa, wakarekodi wanamuziki wengine. Wawili hao ndio walioandaa tamasha la Kinshasa la mwaka 1974. Kazi hiyo tuiiteje? “Mzalishaji” lanukia kiwanda, “mtayarishaji” ni la redioni, na vijana wamekwisha kuamua: prodyuza. Kama ningeulizwa, ningesema mlezi.

Kisha akakaribia nyumbani, asiruhusiwe kuingia. Alihamia Botswana, na mwaka 1985 alishiriki kuanzisha shule ya muziki. Juni ya mwaka huo huo, usiku, wanajeshi wa Afrika Kusini waliivamia Gaborone, wakaua watu majumbani mwao. Masekela akahama tena. Nyumbani alirudi mwaka 1990, baada ya miaka thelathini.

Aliyepewa tarumbeta na mwalimu alitaka naye awe na wa kuwapa, nchi yake ikamfuata hata ugenini kumzuia. Hilo ndilo ubeti wangu wa tatu ulipaswa kulibeba.

Juma lililopita niliufungua tena ule mswada. Nikafuta “alipiga”, nikaandika “alipuliza”. Ukwapi ukawa na mizani tisa. Nikaujaribu kwa sauti mara tatu nne, nikitafuta pa kupunguza. Kila nilipopunguza, palikatika pumzi. Nimeuacha na tisa zake, nami sasa natafuta utao.