Baridi ya Arsal



Mwaka 2021 tulipochanga sadaka ya mablanketi kwa wakimbizi wa Syria walioko Lebanon, mmoja wenu aliuliza: "Ustadhi, kwa nini na wenyeji wapewe, ilhali wana nyumba zao?" Tulimjibu haraka tukaendelea na somo. Jibu lile lilikuwa pungufu.

Kufikia 2014 wakimbizi walioandikishwa Lebanon walipindukia milioni moja, katika nchi yenye raia wapatao milioni nne. Wengi walifikia Arsal, mji wa milimani unaoanguka theluji, wakakaa mahemani. Januari 2019 dhoruba ikaleta theluji huko, na mahema ya bonde la Bekaa yakajaa maji. (Sisi wa pwani tukipigwa na kusi kidogo tu tunatafuta shuka!)

Lakini mwishoni mwa 2019 uchumi wa Lebanon uliporomoka, na mwenyeji naye akashindwa kununua mafuta ya jiko la kuotea moto. Nyumba ya mawe isiyo na moto ni baridi vilevile. Sasa gari la misaada likipita mlangoni pake kila mara bila kusimama, atamtazamaje jirani yake wa hemani?

Tumewatungia mitihani ya sifa za Answari miaka mingi, wala hatukuwahi kuuliza walibakiwa na nini baada ya kugawana mazao ya mitende yao na Muhajirina.

Ewe uliyeuliza, tuwie radhi kwa kuchelewa.