Njia za Changarawe Katika Milima ya Réunion

Kisiwa cha Réunion kimo katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,512 tu, nacho hukaliwa na watu wanaokaribia 900,000. Tangu mwaka 1946 kimekuwa mkoa wa Ufaransa, na fedha itumikayo huko ni yuro. Katikati yake umesimama mlima Piton des Neiges, wenye kimo cha mita 3,070, ambao ni volkano iliyolala. Na upande wa kusini mashariki uko Piton de la Fournaise, mita 2,632, ambao haujalala hata kidogo.

Kwa kuwa milima imeichukua katikati yote, watu wamebanana pwani, na magari yamebanana pamoja nao. Foleni za asubuhi na jioni ndizo habari za kila siku. Barabara mpya kati ya Saint-Denis na La Possession, ambayo sehemu yake kubwa imejengwa juu ya nguzo baharini na kuanza kutumika mwaka 2022, iligharimu zaidi ya yuro bilioni 2. Foleni bado zipo. Mgeni aliyesafiri na baiskeli yake akifika hapo huweza kujuta. Lakini akiipa bahari kisogo na kupanda mlima kwa saa tatu au nne, ataikuta Réunion nyingine, yenye njia za changarawe ambazo huenda asikutane na gari hata moja tangu alfajiri hadi adhuhuri.

Njia hizo hazikuchimbwa kwa ajili ya wenye baiskeli. Ni kazi ya mabwana misitu. Miteremko ya magharibi, juu ya mji wa Saint-Paul, hapo zamani ilifyekwa ili kulima jeraniamu, mmea ambao majani yake huchemshwa katika mitungi ya shaba na kutoa mafuta ya manukato. Mpaka leo wako wakulima wachache katika kitongoji cha Petite France waendeleao na kazi hiyo, na harufu yake humpokea mpandaji kabla hajaiona mitungi yenyewe. Kilimo hicho kilipofifia, Idara ya Misitu ilipanda miti katika mashamba mengi: miti ya kriptomeria kutoka Japani, iliyonyooka kama askari gwaridani, na mitamarini ya milimani, ambayo ni mti wa asili wa kisiwa hicho. Msomaji asiuchanganye mti huu na mkwaju; ni wa jamii ya migunga, shina lake limepindapinda, na mbao zake ni nzuri kwa samani na vigae vya mapaa. Ili kuitunza na kuivuna miti hiyo zilihitajika barabara, na ndipo zilipokatwa njia za kuuzunguka mlima, nyingine zikiwa na vizuizi vya kuzuia magari.

Mojawapo hutoka upande wa Maïdo na kuelekea kusini hadi Le Tévelave, ikipita katikati ya msitu. Hapa hakuna mpando mkali kama ule wa kutoka pwani. Njia huingia korongoni, hutoka, huingia lingine. Chini huonekana bahari, lakini mvumo wake hausikiki. Kinachosikika ni changarawe chini ya matairi na maji yanayodondoka kutoka matawini, kwa maana ukungu ukipita humo huacha maji hata siku isiyo na mvua.

Siku ya kuepukwa ni Jumapili. Watu wa Réunion hupenda mno kula porini. Jamaa nzima, bibi na wajukuu, hupanda na masufuria ya wali, maharagwe na kari, huwasha moto wa kuni katika vibanda vilivyojengwa kwa kazi hiyo, na njia iliyokuwa tupu siku ya Jumanne hujaa magari mahali popote yanapoweza kufika. Kwa upande mwingine, mwenye baiskeli anayepita kwa adabu na kusalimu ni nadra kuondoka na njaa.

Safari yenyewe si ya kubahatisha. Kutoka ufukweni hadi ukingo wa Maïdo ni kupanda mita 2,200. Baiskeli iwe na gia nyepesi, breki zisizo na shaka, na matairi mapana kuliko ya baiskeli za mbio, maana vijiwe vya volkano hukata mpira kama wembe. Tyubu ya akiba, pampu na viraka si vitu vya kuuliza. Aliye na busara huanza kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa mawingu huanza kupanda mlimani yapata saa nne asubuhi, na yakishafika mtu haoni kona iliyo mbele yake. Pwani ni joto la fulana. Juu ni baridi ya kutetemesha meno, hasa wakati wa kushuka, vidole vinapokufa ganzi juu ya breki. Miezi mizuri ni Mei hadi Novemba. Baada ya hapo huja vimbunga, na mvua za huko si za mfano: mwezi Februari 2007, kimbunga Gamede kilipopita, mahali paitwapo Cratère Commerson, kando ya njia ya kwenda volkano, palinyesha zaidi ya milimita 3,900 ndani ya saa 72. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mvua ambayo Dar es Salaam huipata kwa mwaka. Baada ya mvua kama hiyo njia ya jana huwa korongo la leo, na ilani ya kufunga njia haiwekwi kwa mapambo. Wasioisoma huishia kutafutwa kwa helikopta na kikosi cha askari wa gendarmerie waliofunzwa uokoaji wa milima mirefu, ambao hawakosi kazi kisiwani humo.

Njia ya volkano yenyewe inajulikana kuliko zote. Kutoka Bourg-Murat hupanda kwa lami hadi mahali ambapo ardhi hufunguka ghafula, na chini pametandazwa Plaine des Sables, uwanda wa changarawe nyeusi na nyekundu usio na mti. Ukweli ni kwamba hapa magari ya watalii ni mengi mchana. Uwanda huu ni wa mwenye baiskeli alfajiri tu. Mbele yake ni ukingo wa Pas de Bellecombe, na chini ya ukingo ni volkano. Mwezi Aprili 1977 zaha yake ilishuka hadi kijiji cha Piton-Sainte-Rose, ikaunguza nyumba na kulizunguka kanisa; mwezi Aprili 2007 sakafu ya kreta yake kuu ilididimia zaidi ya mita 300.

Uwazi wa njia za msituni una thamani nyingine, ambayo ilionekana wazi mwaka 2010 na tena mwaka 2011, msitu wa Maïdo ulipowaka. Moto wa mwaka 2011 uliteketeza zaidi ya hekta 2,500. Wazima moto walipitia njia zile zile, ndege ya kumwaga maji ikaletwa kutoka Ufaransa, na mahali pengine njia yenyewe ndiyo iliyokuwa mpaka wa kuuzuia moto usivuke. Mwendesha baiskeli apitaye leo huona vigogo vyeupe vilivyokauka vikiwa vimesimama juu ya vichaka vipya.

Lakini kabla ya mabwana misitu, kulikuwa na watu wengine waliozijua njia za milimani, nao hawakuwa wakitembea kwa starehe. Katika karne ya 18 kisiwa hiki, wakati huo kikiitwa Bourbon, kililimwa na watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Wengi wa waliopelekwa kisiwani walikufa mashambani. Baadhi walikimbilia milimani, wakawa watoro, neno lile lile lililotumika Uswahilini kwa waliowakimbia mabwana zao. Uwanda uliopo chini ya volkano ungali ukiitwa Plaine des Cafres, na neno Cafre limetokana na kafiri la Kiarabu, jina walilopachikwa Waafrika. Mlima Dimitile, juu ya mji wa L'Entre-Deux, una jina la kiongozi wa watoro. Njia mbovu ya mawe hupanda hadi huko, ambako ipo nyumba ndogo ya makumbusho yao. Mwenye baiskeli huisukuma mahali pengi kwa mkono. Mafate naye alikuwa kiongozi wa watoro. Aliuawa mwaka 1751 na François Mussard, mtu aliyelipwa kuwawinda. Utumwa ulifutwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848.

Leo Mafate ni jina la bonde kubwa la mviringo lililozungukwa na magenge pande zote. Hakuna barabara hata moja iingiayo humo. Wako watu wanaokaribia 800, katika vitongoji kama La Nouvelle, Marla na Roche-Plate. Umeme wao hutoka kwenye jua, na saruji, mitungi ya gesi na magunia ya mchele huletwa kwa helikopta, ambayo kila safari yake ina bei. Ardhi si mali yao. Huikodi, na msimamizi wake ni Idara ya Misitu. Watoto husoma shule ya msingi humo humo, kisha hulazimika kwenda pwani kuendelea na masomo, na baadhi yao hawarudi tena kuishi.

Ni rahisi kwa mgeni kuusifu ukimya wa mahali pasipo na gari, hali jioni atashuka pwani na kuoga maji ya moto. Mwenyeji wa Mafate anaujua ukimya huo kwa kuhesabu saa za kumfikia daktari kwa miguu. Hata hivyo, wapo wengi humo wasiotaka barabara, kwa kuwa wanajua kwamba siku itakapofika, hawatakuwa wao wa kwanza kunufaika nayo.

Pale Maïdo njia hukomea ukingoni. Asubuhi na mapema, kabla ya mawingu, wenye baiskeli huziegemeza hapo kwenye uzio na kutazama chini, mahali ambapo mapaa ya bati ya Roche-Plate humetameta kama sarafu zilizodondoshwa. Helikopta hutokea chini yao, si juu, ikiwa imening'iniza mzigo kwa kamba ndefu; hushusha, huinuka, na kurudi kuchukua mwingine.